Mhariri wa Harusi Mbele ya Filamu za Resnais na Marker

Nahariri video za harusi hapa Mombasa, hasa za upande wa wanawake. Usiku wa kupamba, kesha, siku ya kutolewa bi harusi: hizo hazirekodiwi na mwanamume wala hazihaririwi na mwanamume, kwa hiyo familia hutafuta mwanamke wa kushika kamera na mwanamke wa kukaa mbele ya kompyuta, na wakimpata anayejua kutunza siri hawamwachi. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo wenye harusi wenyewe hawalioni kwa urahisi. Miaka ikipita, watu huacha kuikumbuka harusi, wakaanza kuikumbuka video yake.

Mama mmoja alinijia akiwa na ugomvi na wifi yake. Alitaka nimtoe kwenye video ya harusi ya bintiye.

"Mwanangu, huyu sitaki kumuona tena. Mtoe."

"Mama, amekaa katikati ya kina shangazi. Nikimtoa yeye, nusu ya jukwaa itaondoka."

"Njia utaipata wewe. Kazi ni yako."

Njia niliipata. Nilikata hapa, nikaivuta picha karibu pale, nikajaza pengo kwa maua na mikono iliyopakwa hina, wifi akatoweka. Muda mrefu baadaye nilikuwa sebuleni kwa mama yule, na msichana wa nyumba ile, ambaye siku ya harusi alikuwa mtoto wa kubebwa, akaeleza kwa uhakika kabisa kwamba bibi yule hakuhudhuria. "Video tumeitazama, hayumo." Mama hakumsahihisha. Alikunywa chai yake, akaitikia kwa kichwa, na uso wake ulivyotulia sikuona dalili yoyote ya mtu anayeficha kitu.

Ndiyo maana filamu ambazo watu wengi huziita hazina kichwa wala miguu, mimi zilinigusa mapema. Nazungumzia filamu za Wafaransa za miaka ya 1950 na 1960, za Alain Resnais na Chris Marker hasa, ambazo kumbukumbu ndiyo mada yake na ndiyo umbo lake pia. Rafiki yangu anayefundisha Kifaransa ndiye aliyenianzishia, na alifanya busara kuanza na iliyo fupi.

Hiyo fupi ni La Jetée ya Marker, ya mwaka 1962. Ina dakika 28, na karibu yote imejengwa kwa picha za mnato, nyeusi na nyeupe, huku msimulizi akizungumza juu yake. Mtoto amepelekwa uwanja wa ndege wa Orly, Paris, kuangalia ndege. Kwenye baraza anaona uso wa mwanamke, kisha anaona mtu akianguka na kufa. Inakuja vita ya tatu ya dunia, Paris inateketea, waliosalia wanaishi chini ya ardhi. Huko wanasayansi wanajaribu kumrudisha mtu nyuma katika wakati ili atafute msaada, na wanamchagua yule mtoto, sasa mtu mzima, kwa sababu ameushikilia uso ule wa mwanamke miaka yote bila kuuachilia. Mwisho wake siutaji. Atakayeitazama ana haki ya kufika mwenyewe.

Nitakachokitaja ni sekunde chache za katikati. Mwanamke amelala kitandani. Picha zinapishana polepole, kila moja ikiyeyuka ndani ya inayofuata: kichwa kimegeuka kidogo, mkono umesogea, shavu liko kwenye mto. Mlio wa ndege wa porini unapanda mpaka unajaa masikioni. Picha zinazidi kukaribiana, halafu, bila tangazo lolote, mwanamke anafumbua macho na kukutazama. Anapepesa. Hiyo ndiyo picha pekee inayotembea katika filamu nzima, na inakatwa kabla hujawa na hakika kwamba umeiona.

Niliisimamisha filamu, nikarudisha nyuma, nikatazama tena kwa jicho la kazi. Mimi hushinda na picha zinazotembea, saa kwa saa, na sikuwahi kushtushwa na mtu kupepesa macho. Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wateja wanakumbuka nini kuhusu siku yao kabla sijawaonyesha chochote. Hunielezea vitu vilivyotulia: mama amesimama mlangoni, leso imekunjwa juu ya kitanda, viatu viko chini ya kiti. Mwendo huwa haupo. Marker alilijua hilo na akalifanyia filamu.

Kutoka hapo nilienda L'Année dernière à Marienbad, ambayo ndiyo inayowakimbiza wengi. Ilitoka mwaka 1961, Resnais akiongoza na mwandishi wa riwaya Alain Robbe-Grillet akiandika, na mwaka huohuo ikapata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Hoteli kubwa ya kifahari, korido zisizokwisha, wageni waliovaa vizuri wanaosimama bila kutikisika. Mwanamume mmoja anamwambia mwanamke kwamba walikutana mwaka jana, wakapendana, na yeye ndiye aliyeomba wasubiri mwaka mmoja. Mwanamke anasema hapana, si yeye, hajawahi kufika huko. Mwanamume hajibu kwa hasira. Anarudia tu, na kila anaporudia anaongeza kitu: ulisimama hivi, mkono wako ulikuwa hapa, kisigino cha kiatu kilivunjika. Wapi? Labda Karlstadt, labda Marienbad, labda Baden-Salsa, au hapahapa sebuleni. Hawana majina. Kwenye mswada ni herufi tu: X ni yeye, A ni mwanamke, anayeigizwa na Delphine Seyrig, na M ni mwanamume mwingine ambaye labda ndiye mume.

Mtu akiketi mbele ya filamu hii akiuliza nani anasema kweli, atachoka. Mimi niliikabidhi kwa macho ya mhariri. Katika kazi yetu kuna sheria ya mfululizo, na mwanafunzi huifundishwa siku za mwanzo: bi harusi akiinua glasi kwa mkono wa kulia, kipande kinachofuata lazima aishushe kwa mkono uleule. Resnais anaivunja sheria hii kwa makusudi na kwa ustadi mkubwa. Sentensi inaanzia ukumbini na kuishia bustanini. Gauni la A linakuwa jeupe, linakuwa jeusi, na mazungumzo hayajakatika. Kuna sanamu ya mwanamume na mwanamke wakiwa na mbwa, na nyuma yake mandhari hubadilika kila tunapoirudia. Kuna ile picha maarufu ya bustani, ambapo watu wamesimama na vivuli virefu vimelala chini, lakini vichaka vilivyochongwa kandokando havina kivuli chochote. Vivuli vya watu vilichorwa ardhini. Filamu ilirekodiwa kwenye majumba ya kifalme ya Munich na pembezoni mwake, likiwemo Nymphenburg na Schleissheim, lakini bustani unayoiona haipo Ujerumani wala penginepo. Ni bustani ya mtu anayejaribu kukumbuka, anayehakikisha watu wapo mahali pao na kusahau jua lilikuwa upande gani.

Halafu kuna mchezo wa M. Anapanga kadi, au njiti, kwa safu nne: moja, tatu, tano, saba. Kila mchezaji anachukua anazotaka kutoka safu moja, na atakayebaki na ya mwisho ameshindwa. M anamkaribisha mwenzake aanze, na anashinda kila mara. Dadangu na mimi tuliucheza mezani kwa njiti za kiberiti mpaka tukaelewa: kwa mpangilio ule, anayecheza wa pili akiijua njia hawezi kushindwa. Ukarimu wa M wa kumpisha mgeni ndio mtego wenyewe, sawa na mzee wa bao anayekuona umefungwa kabla hujainua kete ya kwanza. Na pamoja na hesabu yake yote anampoteza mwanamke, kwa sababu X hachezi kwa hesabu. Anacheza kwa kusisitiza.

Nguvu hiyo ya kusisitiza nimeishuhudia kwa macho yangu. Kina dada wawili, wateja wangu wa siku nyingi, walikuja kuangalia harusi ya mdogo wao, na mbele ya kompyuta wakaanza kubishana kama shangazi yao wa Lamu alifika usiku wa kupamba. Mkubwa alisema alifika. Mdogo alisema hakufika, alikuwa mgonjwa. Nilitafuta kwenye vipande ghafi. Saa zile kamera ilikuwa jikoni ikirekodi sufuria za biriani, kwa hiyo hapakuwa na ushahidi wa upande wowote. Mkubwa hakupandisha sauti. Alisema, "Si alikaa pale karibu na feni? Si ndiye aliyesema joto limezidi?" Mdogo akanyamaza. Mkubwa akasema tena, kwa upole, kwamba alikaa karibu na feni. Mara mdogo akageuka: "Ee, kweli. Alikuwa na leso ya rangi ya kunde." Mkubwa hakuwa ametaja leso. Rangi ile ilitoka wapi? Kumbukumbu ilizaliwa palepale nikiitazama, ikiwa imeshavaa nguo.

Kwa hiyo siamini kwamba filamu hii ni fumbo lililofichiwa jibu. Inaonyesha kitu kinachotokea kila siku majumbani mwetu, ila imekitenga na harufu ya jikoni na kukiweka kwenye marumaru, ili kionekane peke yake. Na inaonyesha pia ubaya wake. Katika mswada wa Robbe-Grillet kulikuwa na tukio la X kumbaka A. Resnais hakulirekodi. Mahali pake aliweka kamera inayomkimbilia mwanamke chumbani, mwanga umezidi mpaka picha inakaribia kuungua, naye anatabasamu na kufungua mikono. Kisha tena, na tena, mwendo uleule. Na sauti ya X inakana, inasema haikuwa kwa nguvu. Mtazamaji mwanamke hawezi kulipita hilo harakaharaka. Tabasamu lile ni la nani? Lake, au ndivyo X anavyotaka tumkumbuke? Mimi nalisoma kuwa ni la X, na nadhani mkato wa kurudiarudia ndio unaomshitaki: jambo lililotokea kweli halihitaji kurudiwa kwa pupa hivyo.

Filamu iliyobadilisha mkono wangu kazini, hata hivyo, ni ya kabla ya hiyo. Hiroshima mon amour ilitoka mwaka 1959, na maneno yake aliyaandika Marguerite Duras. Resnais alianzia kwenye meza ya kuhariri. Ndiye aliyehariri La Pointe Courte, filamu ya kwanza ya Agnès Varda. Unaiona asili hiyo katika mkato mmoja. Mwigizaji wa Kifaransa, Emmanuelle Riva, yuko Hiroshima kucheza filamu kuhusu amani. Asubuhi, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, anamtazama mpenzi wake wa Kijapani aliyelala kifudifudi. Kiganja cha mwanamume kimelegea juu ya shuka, vidole vinacheza kidogo usingizini. Mkato. Mkono mwingine, wa kijana mwingine, umelala vilevile, na uso wenye damu. Mkato. Tumerudi chumbani.

Hatujaambiwa chochote. Itachukua muda mrefu kabla hatujajua kwamba yule ni askari wa Kijerumani aliyempenda wakati wa vita katika mji wa Nevers, akauawa, naye msichana akanyolewa nywele na kufungiwa ghalani chini ya nyumba. Filamu nyingi za siku zile zilimwandaa mtazamaji kabla ya kumrudisha nyuma: picha inafifia, muziki unalainika, mtu anatazama mbali. Resnais aliona kwamba akili haibishi hodi. Mkono unaita mkono, basi.

Mimi nami nilikuwa nikififisha. Kila nilipoingiza picha ya zamani kwenye video ya harusi nilitia ukungu na kinanda. Nikaja kupata kazi ya bi harusi aliyefiwa na baba. Familia ilinipa rekodi ya zamani ya nikahi ya dada yake mkubwa, ambamo baba anaonekana kwa muda mfupi akiwa msikitini, amekaa, kidole gumba kikipitia shanga za tasbihi. Kwenye rekodi mpya nilikuwa na mkono wa bi harusi ukipakwa hina, na yule mpakaji alikuwa amemshika kidole gumba akikizungusha ili kikae sawa. Nilikata moja kwa moja kutoka kidole kwenda kidole, nikaacha tasbihi ipite shanga chache, nikarudi kwenye hina. Sikutia wimbo. Niliacha sauti ya chumba tu, wanawake wakizungumza na mtoto akilia mbali.

Mama yao alipoiona hakusema kitu mpaka ilipopita. Kisha akaniambia, "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu." Nikarudisha. Akaitazama, akasema tena rudisha. Binti aliyekaa pembeni alisema alikuwa amesahau kabisa kwamba baba alikuwa na kucha pana hivyo, na kwamba zake ni zilezile.

Muriel, ya mwaka 1963, sijaweza kuitumia kazini, na sidhani inatumika. Iko Boulogne-sur-Mer, mji wa bandari uliobomolewa vitani na kujengwa upya. Seyrig yumo tena, safari hii kama mjane anayeuza samani za kale ndani ya nyumba anamoishi. Mtoto wa kambo wake, Bernard, amerudi kutoka vita vya Algeria, vilivyokuwa vimekwisha mwaka 1962 tu. Anaonyesha filamu aliyorekodi huko: askari wanacheka, wanaogelea, wanapunga mikono. Juu ya picha hizo za furaha sauti yake inaeleza jinsi yeye na wenzake walivyomtesa msichana waliyemwita Muriel mpaka akafa. Muriel hatumwoni hata mara moja. Nimefuta sauti halisi za harusi nyingi na kuweka nyimbo mahali pake, na najua jinsi wimbo mzuri unavyofunika maneno ya chumba. Hapa Resnais ameifanya picha ndiyo ifunike, akaiachia sauti iseme.

Kuna moja ya mapema zaidi ambayo haina fumbo, na nadhani bila hiyo nyingine hazieleweki vizuri. Les statues meurent aussi, ya mwaka 1953, ilitengenezwa na Resnais, Marker na Ghislain Cloquet kwa ombi la Présence Africaine, jarida la Alioune Diop. Wanauliza kwa nini sanaa ya Wagiriki na Wamisri iko Louvre, jumba la sanaa la Paris, na sanaa ya Waafrika weusi iko kwenye jumba la elimu ya mila za watu. Serikali ya Ufaransa iliizuia zaidi ya miaka kumi kwa sababu ya sehemu yake ya mwisho, inayoshambulia ukoloni. Mwanzo kabisa Marker ameandika kwamba watu wakifa huingia katika historia, na sanamu zikifa huingia katika sanaa.

Nilipoisikia sentensi hiyo niliwaza vigango. Msomaji wa pwani ya Kenya anavijua: nguzo za mbao ambazo Wamijikenda, Wagiriama hasa, huwachongea wazee wa chama cha Gohu waliofariki, zikasimamishwa karibu na boma ili marehemu awe na mahali pake. Miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa wingi vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa kwa wenyewe. Vilikokuwa vilimulikwa kwa taa nzuri na kupewa nambari. Kamera ya Resnais nayo inazimulika sanamu vizuri mno, inazizunguka, inazibembeleza, na wakati huohuo maneno ya Marker yanakuambia kwamba uzuri huo ndio kifo chenyewe. Nimeshatazama filamu nyingi kuhusu Afrika zilizotengenezwa na Wazungu. Hii naiheshimu.

Wasichana ninaowafundisha kuhariri nawaanzishia La Jetée, kisha ule mkato wa mkono. Marienbad naiweka mwisho, nikiwasihi wasisome maelezo ya mtu yeyote kabla, wafuatilie nguo na sanamu tu. Resnais na Robbe-Grillet wenyewe hawakuwa na jibu moja kama wale wawili walikutana kweli, kwa hiyo hakuna atakayewasahihisha.

Dadangu na mimi bado tunabishana. Mimi nashika kwamba walikutana, kwa sababu X anampa A picha aliyompiga bustanini. Picha ni ushahidi. Mimi naishi kwa picha. Dadangu ananirudisha kwenye sehemu ya mbele, A anapovuta droo na kuikuta imejaa nakala za picha ileile, hakuna hata moja iliyo tofauti.

"Picha moja ningeiamini," aliniambia. "Lakini mdogo wangu, nani anaweka nakala zote hizo za kitu anachokikumbuka?"

Nilimjibu kwamba kila familia ninayoifanyia kazi huagiza nakala zaidi ya inazohitaji, na harusi zao zote zilikuwapo.